Viunganishi vya ufafanuzi: “kwa sababu”, “kwani”, “yaani” na vinginevyo katika matini kuhusu Mwezi

Viunganishi vya ufafanuzi ni maneno au mafungu ya maneno yanayounganisha kauli na maelezo yake. Maelezo hayo yanaweza kuwa chanzo cha jambo, ushahidi wa dai, au tafsiri ya neno lililotangulia. Katika kundi hili wamo “kwa sababu”, “kwa kuwa”, “kwa vile”, “kwani”, “maana”, “yaani”, “maadamu” na “madhali”. Na kwa upande wa matokeo, “kwa hiyo”, “hivyo” na “ndiyo maana”. Aghalabu huorodheshwa pamoja kana kwamba ni visawe. Orodha ya namna hiyo humtosha mwanafunzi anayejaza nafasi zilizoachwa wazi katika mtihani, lakini haimtoshi anayeandika wala anayefasiri, kama jozi hii inavyodhihirisha:

(a) Dunia ina umbo la tufe kwa sababu kivuli chake juu ya Mwezi ni cha duara.
(b) Dunia ina umbo la tufe, kwani kivuli chake juu ya Mwezi ni cha duara.

Sentensi (a), ikisomwa kama ilivyoandikwa, inadai kwamba kivuli ndicho kilichoifanya Dunia iwe tufe. Dai hilo si kweli, na hakuna aliyekusudia kulisema. Sentensi (b) inasema jambo jingine: kivuli ndicho kinachompa mtu haki ya kusema kwamba Dunia ni tufe. Hoja hiyo ilitolewa na Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Kristo, kwa kuwa kila Mwezi unapopatwa, ukingo wa kivuli cha Dunia huonekana umepinda. Kiunganishi kimoja kikibadilishwa, hoja hugeuka kuwa kosa la sayansi.

Matini kuhusu Mwezi hufaa sana kwa somo hili. Kila msomaji amewahi kuuona Mwezi, hivyo hana haja ya kufundishwa kwanza kinachoelezwa. Anachohitaji ni maelezo tu. Isitoshe, katika habari za Mwezi kinachoonekana na kinachosababisha ni vitu viwili tofauti karibu kila mara, na lugha hulazimika kuvitenganisha. Kiswahili nacho hakianzi mikono mitupu katika uwanja huu: mwezi mwandamo, mwezi mpevu, mbalamwezi, bamvua na maji mafu ni istilahi zilizokuwapo mwambaoni kabla ya kitabu chochote cha fizikia cha Kiswahili. Jambo moja la tahajia litajwe mapema. Neno “mwezi” hutaja gimba la angani na pia kipindi cha kalenda. Katika makala hii gimba limeandikwa kwa herufi kubwa, isipokuwa katika misemo iliyozoeleka kama “mwezi mpevu”. Kipindi kimeandikwa kwa herufi ndogo.

Kifungu cha kusoma

[1] Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Unaonekana kwa sababu uso wake huakisi mwanga wa Jua. [2] Wakati wote nusu ya tufe hilo humulikwa, ila mtazamaji aliye duniani haioni nusu hiyo nzima kila siku, kwa kuwa Mwezi huizunguka Dunia na pembe ya kutazamia hubadilika. [3] Mwezi unapoandama, huonekana sehemu ndogo tu ya nusu iliyomulikwa, yaani ule ukingo mwembamba unaotokea magharibi baada ya Jua kutua. [4] Kutoka mwandamo hadi mwandamo hupita takriban siku 29.5, ndiyo maana miezi ya kalenda ya Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na mwaka wake huwa mfupi kuliko mwaka wa Jua kwa siku zipatazo 11. [5] Mwezi haupungui kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika. [6] Kivuli hicho huufikia wakati wa kupatwa kwa Mwezi tu, na tukio hilo halitokei katika kila mwezi mpevu, kwani njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya Dunia kulizunguka Jua. [7] Mwezi hauna angahewa ya kutajika, kwani nyota inayofikiwa na ukingo wake huzimika ghafla badala ya kufifia polepole. [8] Huionyesha Dunia uso uleule, kwa vile hujizungusha kwenye mhimili wake kwa muda uleule unaoutumia kuizunguka Dunia, yaani siku 27.3. [9] Kwa hiyo, sehemu kubwa ya upande wa nyuma haikuwahi kuonekana hadi chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipoipiga picha mwezi Oktoba 1959. [10] Wengi huuita upande huo “upande wa giza”, eti kwa sababu hauonekani kutoka duniani, ilhali nao hupata mchana wa karibu wiki mbili kama upande wa mbele. [11] Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, kwa sababu Jua, Dunia na Mwezi hukaribia kuwa katika mstari mmoja na mvuto wa Jua hujumlishwa na wa Mwezi. Hilo ndilo bamvua. [12] Maadamu ni bamvua, wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba hushuka pwani, maana maji hukupwa mbali vya kutosha kuyafikia mashamba yao.

Chanzo na ushahidi: “kwa sababu” na “kwani”

Sentensi [1] na [7] zina sura moja: kauli, kiunganishi, maelezo. Kazi zake hazifanani. Katika [1], kuakisi mwanga ndiko kunakoufanya Mwezi uonekane. Ukiondoa mwakisiko, Mwezi unatoweka machoni. Katika [7], kuzimika ghafla kwa nyota hakuufanyi Mwezi ukose angahewa. Kinyume chake ndicho kweli: kukosekana kwa angahewa ndiko kunakoizima nyota ghafla. Mwandishi anataja tokeo ili kulithibitisha dai. Kwa maneno mengine, “kwa sababu” huunganisha mambo mawili yaliyoko ulimwenguni, na “kwani” huunganisha kauli na haki ya kuitoa.

Kisarufi, tofauti hiyo hujitokeza kwa vipimo vinavyoweza kufanywa darasani. Kishazi cha “kwa sababu” hujibu swali la “kwa nini?” kikiwa peke yake: “Kwa nini Mwezi unaonekana?” “Kwa sababu unaakisi mwanga wa Jua.” Kishazi cha “kwani” hakijibu swali hilo. “Kwa sababu” hukubali kutanguliwa na “ni”, “si”, “labda” au “hasa”: “ni kwa sababu unaakisi mwanga”, “si kwa sababu una moto ndani yake”. Miungano kama “ni kwani” na “si kwani” haimo katika Kiswahili sanifu. Tena, kishazi cha “kwa sababu” chaweza kutangulia: “Kwa sababu njia yake imeinama, Mwezi haupatwi kila mwezi.” Kishazi cha “kwani” hufuata daima kauli kinachoitetea. Mwandishi wa insha ya hoja anaweza kuweka nukta na kuanza sentensi mpya kwa “Kwani”, lakini hata hapo hoja hutazama nyuma. Likiwa mwanzoni pasipo kauli ya kutetewa, “kwani” huwa neno la kuulizia lenye kushangaa au kubisha: “Kwani Mwezi una maji?” Anayeuliza hivyo ameshasikia mtu akisema, au akidokeza, kwamba maji yapo.

Vipimo hivi vyote vina kiini kimoja. Kwa “kwa sababu” msemaji hutoa kauli moja yenye sehemu mbili, na anachodai ni uhusiano wa sehemu hizo. Kwa “kwani” hutoa kauli mbili, ya pili ikisimama kama shahidi wa ya kwanza.

Haifuati kwamba “kwani” limekatazwa kubeba chanzo halisi. Sentensi [6] inalitumia hivyo bila ubaya: mwinamo wa njia ni chanzo, na papo hapo ni hoja inayomfanya msomaji akubali kwamba Mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Ruhusa hiyo ni ya upande mmoja. “Kwani” laweza kuingia mahali pengi pa “kwa sababu”, bali “kwa sababu” likiingizwa mahali pa ushahidi huzaa sentensi kama (a). Mfano wa wazi zaidi ni huu: “Mwezi unazidi kujitenga na Dunia kwa sababu miale ya leza inayoakisiwa na vioo vilivyoachwa huko tangu 1969 huchukua muda mrefu zaidi kurudi.” Vioo hivyo vipo, na vipimo vyake vinaonyesha kwamba umbali huongezeka kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Lakini leza haiusukumi Mwezi. Kinachouondoa ni athari ya kujaa na kupwa kwa bahari za Dunia inayojizungusha. Sentensi ikiandikwa kwa “kwani”, au kwa “tunajua hivyo kwa sababu”, kosa linaondoka.

Chimbuko la kosa hilo mara nyingi ni tafsiri. Neno la Kiingereza “because” hubeba chanzo na ushahidi pia, hasa likitanguliwa na mkato, na mfasiri aliyezoea kuliandikia “kwa sababu” kila linapotokea huacha kuuliza ni lipi linalokusudiwa. Mfasiri wa Kongo, Rwanda au Burundi anayetoka kwenye Kifaransa ana nafuu: “parce que” na “car” vinakaribiana sana na “kwa sababu” na “kwani”, na “puisque” kinakaribiana na “kwa kuwa”.

Ukanushi

Sentensi [5] imeachwa kwa makusudi bila kusaidiwa: “Mwezi haupungui kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika.” Ina masomo mawili. La kwanza: Mwezi haupungui kabisa, na kinachouzuia kupungua ni kivuli. La pili: Mwezi hupungua, lakini si kivuli kinachoupunguza. Ukweli wa mambo umo katika somo la pili, kwani Mwezi hupungua machoni kwa mabadiliko ya pembe yaliyotajwa katika [2]. Hata hivyo msomaji hawezi kulifikia somo hilo kwa sarufi peke yake. Lazima awe anajua habari za Mwezi kabla ya kuisoma sentensi inayodaiwa kumfundisha habari za Mwezi. Na mwanafunzi anayeamini, kama wengi, kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata Mwezi kuwa kipande, ndiye hasa atakayebaki gizani.

Utata huu hutokana na kile kilichoelezwa juu. Kishazi cha “kwa sababu” kimo ndani ya sentensi, kwa hiyo kiambishi cha ukanushi katika kitenzi kikuu chaweza kukifunika au kukiacha. Dawa zipo. Ukanushi waweza kuhamishwa ukae juu ya sababu yenyewe: “Mwezi hupungua, si kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika, bali kwa sababu sehemu iliyomulikwa inageukia upande mwingine.” “Bali” hapa ndilo neno lenye kazi kubwa, linamhakikishia msomaji kwamba kilichokanushwa ni sababu, si tukio. Au sentensi nzima yaweza kugeuzwa: “Kupungua kwa Mwezi hakutokani na kivuli cha Dunia.” Muundo huu wa mwisho ni mkavu kidogo, lakini katika kitabu cha kiada ukavu ni afadhali kuliko utata.

Upo utata mgumu zaidi ya huo, pale ambapo masomo yote mawili yanaingia akilini. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hutegemea giza, kwa sababu taa huvuta samaki vizuri usiku usio na mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu wengi wao hupumzika. Sasa taarifa iandikwe: “Wavuvi hawakutoka kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu.” Je, walibaki nyumbani, na mwezi mpevu ndio uliowazuia? Au walitoka, ila si mwezi mpevu uliowatoa? Anayeikusanya taarifa hiyo ili kuhesabu siku za kazi anaweza kuandika sifuri au moja, na sentensi haimsaidii. Iwekwe “kwani”, pamoja na mkato wake, na utata unakwisha: “Wavuvi hawakutoka, kwani mwezi ulikuwa mpevu.” Kishazi cha “kwani” kiko nje ya kauli kuu; ukanushi hauwezi kukifikia. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kiutendaji ya neno hili, na si mara nyingi hufundishwa.

Sababu ambayo msomaji anaijua: “kwa kuwa”, “kwa vile”, “maadamu”, “madhali”

“Kwa kuwa” na “kwa vile” huleta sababu kama jambo lililokwisha kukubaliwa. Ndiyo maana hupendelea kutangulia. “Kwa kuwa Mwezi hauna nuru yake wenyewe, hufifia sana unapoingia ndani ya kivuli cha Dunia” ni sentensi njema katika aya inayofuata [1], kwani msomaji ameshaambiwa. Ikiwa ya kwanza katika kitabu, ni sentensi yenye haraka: humdai msomaji akubali alichokuwa hajaelezwa. Mikataba na maazimio hufunguliwa kwa “KWA KUWA” kwa msingi huohuo. Yanayofuata neno hilo hayajadiliwi tena, yanatajwa tu ili azimio liyasimamie.

Tabia hiyo ina hatari yake. Anayeandika “Kwa kuwa hakuna binadamu aliyewahi kutua Mwezini, picha za wanaanga ni za kutungwa” hajatoa hoja yoyote kuhusu kutua. Amelipitisha dai lake kimyakimya ndani ya kishazi tegemezi, na msomaji asiye makini ataanza kubishana kuhusu picha huku sehemu ya kwanza akiwa ameshaikubali. Binadamu walitua Mwezini tarehe 20 Julai 1969. Anayefundisha usomaji wa kuhakiki angefanya vyema kuwazoesha wanafunzi kukitoa kishazi cha “kwa kuwa” na kukigeuza swali kabla ya kuendelea na sentensi.

“Maadamu” na “madhali” huongeza wazo la hali inayoendelea: madhali jambo liko hivi, basi na hili lifuate. Katika [12], bamvua linadumu siku chache, na kushuka pwani kunakwenda nalo. Kwa sababu ambayo haifungamani na muda, kama mwinamo wa njia ya Mwezi, maneno haya hayafai.

“Yaani”, “maana” na “kwa maana kwamba”

“Yaani”, kutoka kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya “humaanisha”, haitoi sababu wala ushahidi. Husema kwamba kilicho kushoto na kilicho kulia ni kitu kimoja. Katika [8], “muda uleule” na “siku 27.3” ni sawasawa. Kwa hiyo “yaani” hudai ukamilifu. “Sayari mbili hazina mwezi wowote, yaani Utaridi na Zuhura” ni sahihi, kwani hakuna ya tatu. “Baadhi ya sayari zina miezi mingi, yaani Mshtarii na Zohali” si sahihi. Zipo nyingine zenye miezi mingi, na kilichohitajika ni “kama” au “kwa mfano”. (Msomaji atambue kwamba “miezi” hapa ni magimba, sentensi ya namna hii ndiyo inayowafanya baadhi ya waandishi wapendelee “miezi” yenye maelezo kama “inayoizunguka”.) Katika mazungumzo “yaani” limekuwa pia neno la kujipa nafasi ya kufikiri. Hilo halina ubaya kinywani. Katika maandishi rasmi hupoteza uzito wa neno.

“Maana” ni ndugu mpole wa “kwani”. Hufuata kauli na kuitetea, ila kwa sauti ya mazungumzo na masimulizi: “Mwezi haukuonekana jana, maana mawingu yalitanda.” “Kwa maana” ni rasmi zaidi na hufanya kazi hiyohiyo. Lakini “kwa maana kwamba” ni kitu kingine, na wafasiri huvichanganya. Haitetei kauli, huipunguza upana. “Mwezi ni mkavu, kwa maana kwamba hauna mito wala bahari” haisemi kwamba hakuna maji ya aina yoyote. Inasema ukavu unaozungumzwa ni wa maji yanayotiririka. “Kwamba” likiangushwa, sentensi inaanza kuyatumia mito na bahari kama ushahidi wa ukavu wote, na inakuwa imedai zaidi ya ilivyoruhusiwa: barafu imegunduliwa karibu na ncha za Mwezi.

Kutoka sababu hadi matokeo

“Ndiyo maana” na “kwa hiyo” hugeuza mwelekeo. Tofauti yake husahaulika. “Ndiyo maana” hueleza tokeo ambalo tayari linajulikana: katika [4], msomaji anajua kwamba miezi ya Kiislamu ina siku 29 au 30, na sasa anaonyeshwa kwa nini. “Kwa hiyo” laweza kuleta tokeo jipya, hitimisho au uamuzi. Jioni ya tarehe 29 Shaabani mwezi usipoonekana, husemwa: “Mwezi haukuonekana, kwa hiyo kesho ni tarehe 30.” Hapo “ndiyo maana” haikubaliki, kwa sababu kinachofuata bado hakijawa habari inayojulikana. Kinyume chake, mtu anayeshangaa kwa nini jirani hakufunga ataambiwa: “Mwezi haukuonekana; ndiyo maana hakufunga.”

Kuhusu “ili” yatosha neno moja. Huleta kusudi, na hufuatwa na dhamiri tegemezi. Kuandika “Mwezi hujizungusha polepole ili utuonyeshe uso mmoja” ni kuupa Mwezi nia.

Makosa mengine na tofauti za matumizi

“Sababu ya Mwezi kuwa mwekundu unapopatwa ni kwa sababu mwanga hupinda katika angahewa ya Dunia” ina sababu mbili pasipo haja. Yaandikwe: “Sababu… ni kwamba mwanga hupinda…”, au “Mwezi huwa mwekundu kwa sababu…”. Vivyo hivyo, “Kwa kuwa njia imeinama, kwa hiyo Mwezi haupatwi…” imefunga mlango mmoja kwa komeo mbili. Moja ya viunganishi hivyo iondolewe.

“Kwa sababu” hufuatwa na kishazi. Likifuatwa na nomino au kitenzi-jina huhitaji “ya”: “kwa sababu ya mvuto”, “kwa sababu ya kuinama kwa njia”. “Ndiyo maana” huandikwa kwa “ndiyo”, kwa upatanisho na ngeli ya “maana”. “Ndio maana” husomwa kila siku magazetini, lakini mhariri makini huirekebisha.

Katika mazungumzo ya Nairobi “juu” husikika mahali pa “kwa sababu”, na katika Kiswahili cha Lubumbashi “juu ya nini” huuliza “kwa nini”. Pengi husemwa “sababu” peke yake. Mfasiri wa mahojiano hana budi kuyatambua. Mwandishi wa kitabu cha kiada hayahitaji.

“Eti” katika [10] si kiunganishi, lakini likikaa mbele ya “kwa sababu” hubadili mwenye sababu. Mwandishi huiripoti sababu ya wengine na kujitenga nayo kwa silabi mbili tu. Katika tafsiri ya matini za kupinga imani potofu ni neno la thamani, lakini kwa kuwa lina kejeli, lisitumiwe kwa maoni ambayo mwandishi anayaheshimu ingawa hakubaliani nayo.

Zoezi

Kiunganishi kimoja kijazwe katika kila nafasi, na mjazaji aseme kwa nini vingine haviingii.

1. Maji yamekupwa mbali kuliko kawaida ____ Mwezi ni mpevu.
2. Mwezi utakuwa mpevu au umeandama, ____ maji yamekupwa mbali kuliko kawaida.
3. Wanaanga walio Mwezini hutumia redio kuzungumza ____ hakuna hewa ya kubeba sauti.
4. Nyayo za wanaanga hazifutiki upesi ____ Mwezini hakuna upepo wala mvua.

Katika 1 bamvua ni tokeo la mahali pa Mwezi, hivyo “kwa sababu”. Katika 2 mambo yamegeuka: maji ni ushahidi wa anayesimama ufukweni bila kuuona Mwezi, hivyo “kwani”, “kwa sababu” lingeyafanya maji yauendeshe Mwezi. Katika 3 “kwa sababu” linafaa, na “kwa kuwa” linafaa pia ikiwa msomaji amekwisha soma sentensi [7]. Sentensi ya 4 ina ukanushi, na kwa hiyo ina masomo mawili ikitumia “kwa sababu”. La pili, kwamba nyayo hufutika upesi kwa kitu kingine kisicho ukosefu wa upepo na mvua, haliingii akilini, kwa hiyo sentensi inapita salama. Mwanafunzi aliyejibu “kwani” hajakosea, na aliyeweza kueleza kwa nini somo la pili halimsumbui msomaji wa sentensi hii, ilhali lilimsumbua msomaji wa taarifa ya wavuvi, apewe alama zote.